Kutoka Chumbageni hadi Maji ya Chai

Maji tunayokunywa Chumbageni yanatoka mto Zigi. Mto huo unashuka kutoka misitu ya Amani, Usambara ya Mashariki, unakingwa kwenye bwawa la Mabayani, maji yanatibiwa, kisha yanaletwa mjini Tanga kwa bomba. Sisi tuliokulia mtaani pale tunazijua tabia zake. Masika yakichachamaa, maji yanaingia ndooni na rangi ya udongo. Tunayaacha yatuame, tunayachuja kwa kitambaa, tunayachemsha. Wenye visima vya karibu na bahari wanaijua ladha ya chumvi. Na ukienda Amboni kwenye chemchemi za Galanos, harufu ya salfa inakupokea kabla hujayaona maji. Kwetu pwani, maji yenye kasoro hujitangaza yenyewe.

Mama yangu mdogo aliyaacha maji hayo baada ya mumewe kustaafu kazi ya reli. Baba mdogo ni Mmeru, na alitaka kuzeekea kwenye kihamba chake cha migomba, Maji ya Chai, wilayani Arumeru. Wakahama, wakajenga, wakapata wajukuu. Ndipo siku moja mama mdogo akanipigia simu kuhusu mjukuu wa kike anayeishi naye: miguu inapinda, na kila mtu ana maelezo yake. Jirani mmoja alisema mtoto amebebwa vibaya mgongoni, mwingine akasema amekosa maziwa, mwingine akataja mambo ya kuhusudiana. "Mwanangu, wewe ndiye unayeandika habari za afya," akaniambia. "Njoo uone kwa macho yako, haya si mambo ya simu."

Nikapanda basi la alfajiri stendi ya Kange. Muheza wauza machungwa walishaamka. Kutoka pale hadi Segera, kisha Korogwe, ni mashamba ya mkonge na vijiji vinavyofanana, na baada ya Mombo milima inasimama upande wa kulia muda mrefu: Usambara kwanza, halafu Upare, huku kushoto nyika inakauka kadiri unavyokwenda. Upande huo wa kushoto kuna kitu ambacho abiria wengi wa Tanga hawakifikirii. Mto Pangani, unaomwaga maji baharini kwetu, unaanzia huko tunakokwenda. Mto Kikuletwa hukusanya mito ya Mlima Meru, mto Ruvu huleta maji ya Mlima Kilimanjaro, yote miwili inaingia bwawa la Nyumba ya Mungu, na kinachotoka hapo ndicho Pangani. Mto Maji ya Chai ni mmoja wa mito inayoulisha Kikuletwa. Kwa hiyo maji ya mama mdogo hatimaye yanafika pwani, ila yakiwa yamekwisha kuchanganyika na maji mengi mengine.

Same jua lilikuwa kali. Kijana aliyekaa karibu nami, fundi umeme wa Usa River, alikuwa na hadithi nzuri nzuri, lakini kila alipocheka alipandisha kiganja mdomoni. Nilimuuliza, kwa upole, kama jino linamuuma. Akatoa mkono akanionyesha: meno ya mbele yote yana rangi ya kahawia, mengine na vitundu vidogo, kingo zimemegeka. "Haya hayaumi, kaka. Haya ni meno ya kwetu." Alinieleza kwamba aliwahi kuomba kazi ya mapokezi hotelini, na aliyemsaili akamuuliza anavuta nini. Hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Alisema darasani kwao, shule ya msingi, hakuna aliyejiona ana kasoro, kwa kuwa wote walikuwa hivyo; alianza kuficha mdomo alipokwenda sekondari ya bweni mkoa mwingine.

Tulipita Mwanga, Himo, Moshi, Boma Ng'ombe. Ilipokaribia njia panda ya uwanja wa ndege wa Kilimanjaro nilitazama tambarare kule chini. Huko kuna kijiji cha Tindigani, ambacho watafiti wa afya wameandika habari zake mara kadhaa kwa sababu ya watoto wake wenye miguu iliyopinda. Basi halipunguzi mwendo pale. Kikatiti, kisha Maji ya Chai, nikashuka.

Mama mdogo alinipokea na maji ya kunywa, kama inavyopasa. Nilikuwa na kiu ya kutwa nzima. Kikombe cha bati, maji ya bomba la kijiji, ya baridi, meupe, hayana harufu wala ladha ya kitu chochote. Nikisema ukweli, ni maji mazuri kuliko yetu ya Tanga kwa kila kipimo ambacho mdomo na jicho vinaweza kutoa. Mto wenyewe wa Maji ya Chai una rangi yake, na wapo wenyeji wanaoamini kwamba rangi hiyo ndiyo inayotia meno uchafu. Si hivyo. Kinachodhuru hakina rangi. Ni floraidi, na inaweza kuwa nyingi ndani ya maji yanayong'aa kwenye glasi.

Jioni ile, tulipokaa kula, niliona jambo ambalo sitalisahau. Nyumba moja, bomba moja, sufuria moja, lakini meno yanasimulia utoto wa kila mtu. Baba mdogo, aliyezaliwa hapohapo, ana meno ya kahawia iliyokolea. Mama mdogo, aliyefika hapa mtu mzima, meno yake ni meupe mpaka leo. Mwana wao mkubwa alikulia Tanga wakati baba yuko kazini reli: meupe. Mjukuu, aliyezaliwa Maji ya Chai, bado ana meno ya utoto yenye mistari hafifu ya weupe wa chaki, na ya ukubwani yako njiani.

Sababu ni hii. Meno ya ukubwani huanza kujengwa ndani ya ufizi mtoto akiwa bado mchanga, na ujenzi wa yale ya mbele na mengi ya pembeni unakamilika kabla hajafika kama miaka 8. Floraidi kidogo inayasaidia, ndiyo maana imo katika dawa ya meno. Ikizidi katika miaka hiyo, inavuruga gamba gumu la nje. Jino linatoka likiwa na vitundu visivyoonekana, ambavyo baadaye hunywa rangi, hubadilika kahawia, na mwisho gamba humeguka. Mtu aliyekwisha kuota meno yake hawezi kuharibikiwa hivyo hata akinywa maji hayo miaka 30. Lakini mifupa yake haina ulinzi wa namna hiyo.

Baba mdogo alikuwa ndiye somo la mifupa, ingawa hakuna aliyeniambia hivyo. Ukimwita kwa nyuma hageuzi shingo, anageuka mwili mzima. Kuinama kuchukua jembe anapiga magoti kwanza. Mwenyewe anasema ni uzee na kazi ya kubeba mataruma ya reli, na huenda sehemu ni kweli. Hata hivyo, wazee wenzake wa pale ambao hawakuwahi kuiona reli wako vilevile. Floraidi inapoingia mwilini, sehemu hutoka kwa mkojo na sehemu huvutwa na kalsiamu iliyo mifupani, ikakaa humo. Mfupa unanenepa na kuwa mzito, lakini unakuwa mwepesi wa kuvunjika. Kano zinazoshika pingili za uti wa mgongo zinaanza nazo kugeuka mfupa. Uti unakakamaa. Kwa mtoto ambaye mifupa bado inarefuka, na ambaye chakula chake kina kalsiamu kidogo, miguu inashindwa kubeba mwili ikiwa imenyooka: wengine wanapata matege, wengine magoti yanagongana.

Mjukuu wa mama mdogo ni wa magoti yanayogongana. Ana miaka mitano, ni mcheshi, anaimba nyimbo za chekechea huku akikimbia, na mbio zake ni za kurusha miguu pembeni. Nilimtazama akiteremka njia ya migombani na kibuyu cha maziwa na moyo ukaniuma. Mtoto huyu hakulala njaa, chanjo zote amepata, mama yake alihudhuria kliniki. Alichokosea ni kunywa maji aliyopewa.

Nilitaka kujua ni nani aliyekuwa anajua, na tangu lini. Jibu linasikitisha: muda mrefu sana. Mwaka 1964 madaktari wawili, Grech na Latham, walichapisha maelezo ya ugonjwa huu kaskazini mwa Tanganyika, meno na mifupa pamoja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Maji yenye 3 hadi 6, yakinywewa miaka mingi, yanaweza kuathiri mifupa. Yakizidi 10, ulemavu unaweza kufuata. Tanzania katika miaka ya 1970 iliweka kiwango chake cha muda kwa maji ya vijijini: miligramu 8. Baadaye kikashushwa, na leo viwango vyetu vinalingana na 1.5.

Miligramu 8 ilinikera nilipoisoma mara ya kwanza. Nilipofika Meru nilianza kuwaelewa waliokiweka kiwango hicho, bila ya kukikubali. Mlima Meru, mita 4,566, ni volkano, na mawe na majivu yake yana sodiamu nyingi na kalsiamu kidogo. Kalsiamu ingekuwa ya kutosha, ingeishika floraidi ikatulia chini. Inapokosekana, floraidi inayeyuka na kusafiri na maji. Maziwa ya Momella, yale yenye heroe ndani ya Hifadhi ya Arusha, yana mamia ya miligramu kwa lita. Chemchemi za juu msituni mara nyingi ni salama. Maji yanayokaa muda mrefu ndani ya mwamba na kutokea chini, au yanayochimbuliwa na kisima kirefu, ndiyo mara nyingi yenye kubeba mzigo. Na visima viwili vilivyoachana mita mia chache vinaweza kutofautiana kabisa. Hali hii inafuata Bonde la Ufa kutoka Ethiopia, kupitia Kenya, hadi kwetu Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na kwingineko. Serikali changa ingeshika 1.5 siku ileile, ingelazimika kufunga visima vingi na kuwarudisha watu kwenye mifereji na mabwawa, na huko kipindupindu hakisubiri miaka 10.

Mgongano huo niliuona kwa macho katika kitongoji kilichoko chini ya barabara kuu, nilikopelekwa na mwenyekiti wake. Kuna kisima kirefu kilichochimbwa na wafadhili, chenye kibao cha shukrani na uzio mzuri. Maji yake yalipimwa vijidudu kabla ya kukabidhiwa, yakaonekana safi. Floraidi haikupimwa. Ilipimwa baadaye, watu wakiwa wamekwisha kuzoea kuchota pale, na ikakutwa imezidi kiwango mara kadhaa. Mama mmoja aliyekuwa akijaza madumu alinisikiliza nikiuliza maswali yangu, akajifuta mikono kwenye kanga, akasema: "Tulipokuwa tunachota mferejini watoto walikuwa wanaharisha mpaka tunawazika. Kisima hiki kimetuletea nafuu. Leo unakuja kutuambia kina sumu, sasa tunywe nini?"

Nilimjibu kwamba swali lake ni la haki, na kwamba hilo ndilo swali lililopaswa kuulizwa kabla mashine ya kuchimbia haijafika. Kupima floraidi si jambo la kupasua kichwa. Sampuli moja, kifaa cha mezani, dakika chache kwenye maabara ya maji. Ukilinganisha na gharama ya kuchimba kisima, gharama ya kipimo haionekani. Hapa ndipo mimi ninapokosa uvumilivu. Mwamba hatukuuumba sisi, na umaskini una historia yake, lakini kukabidhi watu kisima katika mkoa ambao ugonjwa wake umeandikwa tangu 1964, bila ya kipimo hicho kimoja, ni uzembe unaolipwa na mifupa ya watoto.

Haya yaliwahi kutokea mahali pengine kwa ukubwa wa kutisha. Bangladesh, kuanzia miaka ya 1970, visima vya mabomba vilichimbwa kwa mamilioni ili kuwaepusha watoto na magonjwa ya kuhara yaliyokuwa yakitoka kwenye madimbwi. Nia ilikuwa njema na kuhara kulipungua. Mwaka 1993 ikathibitishwa kwamba maji ya visima hivyo yana aseniki, nayo inatoka ardhini kama floraidi inavyotoka hapa: haina rangi, haina harufu, haina ladha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani kwa aseniki ni mikrogramu 10 tu kwa lita. Mwaka 2000 Allan Smith na wenzake walikadiria kuwa watu kati ya milioni 35 na 77 walikuwa hatarini, wakaliita tukio hilo sumu kubwa kuliko zote zilizowahi kuwapata watu wengi kwa pamoja. Ngozi hupata madoa, viganja na nyayo huwa ngumu na kuota vinundu, na miaka mingi baadaye huja saratani: ya ngozi, ya kibofu, ya mapafu. Wenye nyumba wengi walikuwa wamejichimbia visima vyao wenyewe kwa fedha zao, wakiona fahari. Timu zikazunguka kupima, na visima vikapakwa rangi: nyekundu usinywe, kijani kunywa.

Na sisi hatuko mbali na aseniki. Kanda ya Ziwa, katika maeneo ya miamba ya dhahabu ya Geita na Mara, watafiti wamekuta visima na vijito vyenye aseniki juu ya kiwango, kwa kuwa madini hayo mawili mara nyingi hukaa pamoja kwenye jiwe moja. Floraidi angalau ina tabia ya kujionyesha mapema, kwenye tabasamu la mtoto wa darasa la pili. Aseniki inaweza kunyamaza miaka 10 na zaidi kabla kiganja hakijaonyesha lolote.

Zote mbili zina ubaya mwingine unaofanana, nao ndio uliomshangaza mama mdogo kuliko vyote. Kuchemsha hakusaidii. Tena kunazidisha, kwa sababu maji yanakwenda na mvuke na madini yanabaki sufuriani. Yeye, mwanamke wa Chumbageni, amelelewa kuamini kwamba maji yaliyochemka ni maji salama, na miaka yote amekuwa akimchemshia mjukuu kwa uangalifu, akafunika, akapoza. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kuhusu dawa ya vidonge ya kutia ndooni. Nikamwambia inaua vijidudu tu.

Halafu akafungua kabati akanionyesha magadi. Makande ya kule hayaivi haraka bila magadi, na hata pwani tunayatia kwenye mboga ngumu. Magadi yanachotwa kwenye maziwa ya Bonde la Ufa yenye floraidi nyingi, na yanakuja nayo. Watafiti waliolinganisha vijiji mkoani Kilimanjaro walikuta watoto wenye meno yaliyoharibika hata mahali ambapo maji yenyewe yana floraidi kidogo, na magadi yakaonekana kuwa sehemu ya sababu. Mama mdogo akaifunga ile karatasi ya magadi, akaiweka juu ya kabati, mbali na jiko. Kuni zitateketea zaidi, alisema, lakini maharage yataiva tu.

Ngurdoto si mbali na kwao, ukishika njia ya kuelekea lango la hifadhi. Pale kuna kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji ambacho kazi yake ni hii moja: kuondoa floraidi. Ukiingia unapokewa na lundo la mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni. Mifupa inachomwa kwenye tanuri kwa hewa kidogo, inasagwa, inachekechwa, inaoshwa, na chembe zake nyeusi zinajazwa kwenye ndoo yenye bomba chini. Maji yanapopita humo, floraidi inang'ang'ania chembe hizo, kwa sababu ileile inayoifanya ing'ang'anie mifupa yetu. Fundi aliyenizungusha alinionyesha konzi mbili za chembe: moja nyeusi, nyingine nyeupe. Nyeupe imeungua kupita kiasi, haifai. Kisha akanieleza kwa nini kazi yake haijamaliza tatizo la wilaya. Chujio linajaa. Siku linapojaa, maji yanaendelea kutoka meupe na matamu vilevile, na mwenye nyumba hana namna ya kujua kwamba anakunywa yaleyale ya zamani. Lazima mtu apime, lazima chembe zibadilishwe, na lazima kuwe na mahali pa karibu pa kuzinunua. Wapo pia wanaosita kunywa maji yaliyopita kwenye mfupa. Waislamu huuliza kama mnyama alichinjwa kisheria, na ni haki yao kujibiwa.

Ipo njia ya shabu na chokaa, iliyotoka India na kujaribiwa hapa Ngurdoto: unatia vipimo ndani ya ndoo jioni, unakoroga, unaacha itulie, asubuhi unachota ya juu. Ipo kazi ya Askwar Hilonga, Mtanzania wa Karatu, mhandisi wa Taasisi ya Nelson Mandela pale Arusha, ambaye chujio lake linalochanganya mchanga na chembe ndogo mno lilishinda tuzo ya Afrika ya Akademia ya Kifalme ya Uhandisi ya Uingereza mwaka 2015. Na upo mradi mkubwa wa maji wa Arusha wa shilingi bilioni 520, ulioanza kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika na kuzinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Oktoba 2021, ambao unaleta maji mengi zaidi jijini, na hivyo kuwezesha yenye floraidi kidogo kuchanganywa na yenye nyingi. Kwa maoni yangu njia hiyo ya mwisho ndiyo ya kudumu: kuyafuata maji mema yaliko na kuyaleta kwa bomba hadi vijijini, kama sisi tulivyoletewa Zigi. Kumkabidhi kila bibi ndoo ya kuchujia na kumtaka awe mkemia wa nyumba yake ni kumtwika mzigo usio wake.

Ila bomba hilo halijafika kwa mama mdogo, na mjukuu anakua leo. Usiku wa mwisho tulikaa na baba mdogo na binti yao, mama wa yule mtoto, ambaye ana kichanga kingine mgongoni. Tulianza na habari njema. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata mama mwenyewe akiwa anakunywa maji mabaya, kwa hiyo kichanga kiko salama maadamu kinanyonya. Hatari itaanza siku atakapokorogewa uji. Habari ya pili haikuwa rahisi: magoti ya dada yake yanahitaji daktari wa mifupa na si dua pekee, na meno yake ya mbele ya ukubwani sehemu yameshajengwa. Lakini ana miaka kadhaa mbele yake ambamo mengine yanaweza kuokolewa, na mifupa ya mtoto hujijenga upya kila siku.

Baba mdogo, ambaye alikuwa kimya muda wote, akauliza ni maji kiasi gani hasa yanayotakiwa. Kufua si neno, kuoga si neno, ng'ombe atakunywa ya bomba. Tunataka ya kunywa na ya kupikia tu. Tukahesabu lita 10 kwa siku kwa watoto wawili na sufuria ya nyumba. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutisha, na paa lao ni la bati, pana. Masika yakiisha Mei, vuli huanza Novemba. Akaandika kwenye daftari lake la mahesabu ya kahawa: siku 150 mara lita 10, lita 1,500. Simtanki la lita 2,000 linatosha na kubaki, likifunikwa vizuri, na mvua ya kwanza ya kuosha paa ikiachwa imwagike.

Binti akasema kitongoji cha chini nacho kina mapaa ya bati, na kwamba yule mama wa kisimani ni mwenzake katika kikundi cha kuweka na kukopa. Wakikopa pamoja wanaweza kupata bei ya jumla. Mama mdogo akataka kujua kama gata za plastiki zinahimili jua la huku au ni heri za bati. Hakuna aliyekuwa na jibu. Asubuhi, kabla ya basi langu la Tanga, tulipanda Hiace hadi Usa River, sote wanne na mtoto, kuuliza bei dukani.